Maswali ya wasomaji: Mlimani, Mkwawa au Tengeru?

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatangazwe, barua na jumbe za simu zinazofika katika safu hii kutoka Moshi na Arusha zimekuwa za jambo moja tu, nalo ni chuo kikuu. Wengi wanakitaja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), ambacho watu wa huku wanakiita Mlimani hata kama hawajawahi kukikanyaga. Nimechagua barua sita. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaondoa kama waandishi wenyewe walivyoomba.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 19, ninaishi Sakina, Arusha. Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya EGM na nimepata B ya Jiografia, C ya Uchumi na E ya Hisabati. Baba anataka nisome UDSM na hasemi zaidi ya hapo. Mjomba anasema uchumi ndio wenye kazi. Mimi mwenyewe ninapenda ramani na takwimu. Nianzie wapi?*

Marahaba, binti yangu, na hongera. Baba yako amekutajia mji bila kukutajia mtaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, lakini chuo unachokiomba leo ni mkusanyiko wa ndaki, shule kuu, taasisi na vyuo vikuu vishiriki, na kila kimoja kina masharti yake, walimu wake na wakati mwingine hata mkoa wake. Ndaki ya Sayansi za Jamii, Ndaki ya Insia na Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia utazikuta Dar es Salaam. Chuo kishiriki cha elimu cha DUCE kipo Chang'ombe. Mkwawa, nacho chuo kishiriki cha elimu, kipo Iringa. Taasisi ya sayansi za bahari ipo Zanzibar. Na masomo ya afya yapo Mbeya. Ninamkumbuka kijana wa Kiborloni aliyesindikizwa stendi na nusu ya ukoo, kila mtu akijua anakwenda Dar es Salaam, kisha shangazi yake alipoifungua upya barua ya udahili pale pale kwenye benchi akaona imeandikwa Mkwawa. Tiketi ilibadilishwa bila tabu, lakini godoro lilikuwa limeshatangulia na basi la alfajiri.

Kwa hiyo liweke kando jina la chuo kwa muda, ukishike cheti chako. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, inamtaka mwombaji wa kidato cha sita awe na prinsipo mbili, yaani ufaulu wa A hadi E katika masomo mawili, zenye jumla isiyopungua pointi 4 katika masomo ambayo programu yenyewe imeyataja, A ikihesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Angalia maana yake kwako. Programu inayotaja Jiografia na Uchumi itakuona una pointi 7. Inayotaja Jiografia na Hisabati itakuona una 5. Inayotaja Uchumi na Hisabati itakuona una 4 kamili, yaani umesimama juu ya mstari wenyewe. Cheti ni kile kile, lakini uzito wake unabadilika kila unapogeuza ukurasa wa mwongozo, na hapo ndipo mijadala mingi ya nyumbani inapopotea, kwa sababu watu hubishana kuhusu "kufaulu" kana kwamba ni kitu kimoja. Tena pointi 4 ni ruhusa ya kuomba tu. Programu yenye waombaji wengi huchukua wenye alama za juu kwanza, na aliye juu ya mstari hubaki akisubiri awamu nyingine.

Sasa kuhusu mjomba. Uchumi wa chuo kikuu si ule wa kueleza sababu tano za mfumuko wa bei. Ni somo la milinganyo, grafu na takwimu, na huanza hivyo tangu mwaka wa kwanza. E ya Hisabati si aibu, ila ni taarifa, na mtu mwenye busara hasomi taarifa akaikunja akaiweka mfukoni. Ningekuwa mimi, ningeiweka jiografia na mazingira kuwa chaguo la kwanza, kwa sababu huko ndiko ramani zako ziliko, pamoja na picha za satelaiti na mifumo ya kompyuta ya taarifa za kijiografia, na takwimu utazikuta humo humo kwa kiasi unachoweza kukibeba. Ukiona moyo umezama kwenye upimaji au mipango miji hasa, tazama Chuo Kikuu Ardhi, ambacho ni jirani wa ukuta wa Mlimani na kimekuwa chuo kikuu kinachojitegemea tangu mwaka 2007. Soma masharti yake kwa makini zaidi, kwa kuwa baadhi ya programu za huko zinataka masomo ambayo wewe hukuyasoma.

Nunua kaunta buku. Chukua mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka kwa waliomaliza kidato cha sita, na kwa kila programu inayokuvutia andika masomo yanayotakiwa, miaka ya masomo na ada. Kisha ingia kwenye tovuti ya idara husika, si ya chuo tu, usome orodha ya kozi za mwaka wa pili na wa tatu. Mwaka wa kwanza hufanana karibu kila mahali, na kozi za maarifa ya maendeleo na stadi za mawasiliano hutazikwepa. Programu huonyesha sura yake halisi kuanzia mwaka wa pili. Ukikuta kozi sita ambazo unatamani kuzisoma hata kama hakuna mtihani, umeshapata jibu la kumpelekea baba.

*Mimi ni mzazi, ninaishi Rau, Moshi. Mwanangu yupo kambini JKT kwa mujibu wa sheria na simu yake ameiacha nyumbani. Dirisha la maombi limefunguliwa. Kijana wa steshenari anasema nimwachie vyeti atanijazia kila kitu. Je, ni salama?*

Mama, kijana huyo huenda ni mwaminifu kuliko wengi wetu, lakini swali langu ni moja: ataandika namba ya simu ya nani, na barua pepe ya nani?

Mwaka juzi nilikaa katika duka la namna hiyo mjini Moshi nikisubiri kurudufu karatasi zangu. Binti mmoja aliingia akihema, akasema amechaguliwa na vyuo viwili na anatakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya siku kuisha. Namba ya siri ya kuthibitishia ilikuwa imetumwa kwa ujumbe wa simu, lakini simu iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa ya mhudumu aliyemjazia, na mhudumu huyo alikuwa ameshaacha kazi na kuhamia Babati. Walimpigia mara nne. Alipopokea, alikuwa shambani, na namba ile alishaifuta akidhani ni matangazo. Ikabidi binti aombe atumiwe nyingine, akaipata jioni, mkono ukimtetemeka hata kubonyeza vitufe.

Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja, kila chuo kwenye mfumo wake, na si kwa TCU kama zamani. Maana yake mwanao anaweza kuomba vyuo kadhaa, na akichaguliwa na zaidi ya kimoja ni lazima athibitishe kimoja tu. Basi fanya hivi: tumia laini ya simu ambayo utakuwa nayo wewe hadi Novemba, fungua barua pepe mpya kwa jina la mwanao na uiandike nywila yake kwenye daftari la nyumbani, kisha ukae kando ya huyo kijana wakati anajaza. Namba ya mtihani ya kidato cha nne na ile ya kidato cha sita zisomwe kwa sauti, tarakimu moja moja. Na kabla ya yote, mwombe mwanao akuandikie kwa mkono wake programu anazozitaka kwa mpangilio, siku ya kwanza utakayopata nafasi ya kuwasiliana naye, maana chaguo lililofanywa na mzazi peke yake huwa linarudi nyumbani Januari.

Ombi la mkopo ni jambo jingine kabisa, hupelekwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na huko cheti cha kuzaliwa hutakiwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi. Uhakiki huo uanze leo.

*Nimesoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Ninataka udaktari wa Mlimani, si mahali pengine. Naomba ushauri. Ngaramtoni.*

Udaktari wa Mlimani unaousikia kwa wazee ni wa Muhimbili, ambayo iliwahi kuwa sehemu ya chuo hicho lakini ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam bado kinafundisha udaktari wa binadamu, ila ni kule Mbeya. Vivyo hivyo, anayetafuta kilimo au tiba ya mifugo atakumbuka kwamba kitivo cha Morogoro kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Nawe unayeishi Ngaramtoni, unaomba kwenda mbali na kupita mlango wa KCMC, Moshi, ambako udaktari unafundishwa ndani ya hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Linganisha ushindani na gharama za maisha, na ukumbuke kwamba kwa udaktari masomo yako yote matatu yatatazamwa, si mawili.

*Mwalimu mwenzangu, mimi ninafundisha Kiswahili na Historia sekondari moja huko Marangu. Nilihitimu shahada ya elimu mwaka 2014 kwa GPA ya 2.5. Ninataka kusoma shahada ya pili lakini rafiki zangu wanasema mlango umefungwa. Je, uzamili na umahiri ni vitu viwili? Na nitasomaje nikiwa kazini?*

Mwalimu mwenzangu, nianze na hilo la maneno kwa kuwa ndilo jepesi. Wengi husema uzamili, Mlimani wanapenda kusema umahiri. Shahada ni ile ile ya pili, na baada yake inakuja uzamivu. Ila ukikutana na "stashahada ya uzamili", hiyo si shahada ya pili. Ni kozi fupi zaidi inayosomwa na mtu ambaye tayari ana shahada ya kwanza, na kwa hali yako ndiyo yenye maana kubwa.

Nieleze kwa nini. Katika madaraja yetu, GPA (wastani wa alama za masomo yote) ya 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni ufaulu wa kawaida. Shahada ya pili kwa kawaida humtaka mtu aanzie 2.7. Wewe umepungukiwa na nukta mbili, ambazo pengine zilipotea katika sapu moja (mtihani wa marudio) ya mwaka wa kwanza, enzi zile ambapo hofu yenu kubwa ilikuwa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, na hakuna aliyewaambia kwamba alama za mwaka wa kwanza zinabebwa hadi mwisho. (Vijana mnaosoma hapa, jibu hili linawahusu kuliko linavyomhusu mwalimu.) Mlango haujafungwa, ila hutaingilia wa mbele. Vyuo vingi humpokea mwenye ufaulu wa kawaida akiwa amesoma stashahada ya uzamili katika fani hiyo hiyo na kuimaliza kwa alama nzuri. Maneno "fani hiyo hiyo" yazingatie. Stashahada ya uzamili ya uongozi wa miradi, hata kama inauzwa kwa bei nafuu na darasa lake ni la mwisho wa wiki, haitakusogeza karibu na umahiri wa Kiswahili.

Nimekisia kwamba unataka Kiswahili, kwa sababu barua yako imeandikwa vizuri mno kwa mtu anayetaka kukimbilia utawala. Kama ni hivyo, pa kupatazama ni TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha idara ya Kiswahili na ile taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili iliyoanza mwaka 1964, ambayo kamusi zake zimo katika kabati lako la shule. Waandikie kabla ya kuomba. Waulize kama watakubali njia unayoifikiria, na jibu lao ulihifadhi kwa maandishi; usitegemee maneno ya simu.

Kuhusu kusoma ukiwa kazini, sikufichi: darasa la jioni la Dar es Salaam haliwezi kumsaidia mtu anayeamkia Marangu. Ukitaka kukaa darasani Mlimani utahitaji ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri, nayo huombwa mapema, kupitia mkuu wa shule hadi halmashauri, mara nyingi ikitegemea kama somo lako limo katika mpango wa mafunzo wa mwajiri. Njia ya pili ni Chuo Kikuu Huria, ambacho kina vituo Moshi na Arusha na kimejengwa kwa ajili ya watu kama wewe. Kinataka nidhamu ya peke yake, kwa kuwa hakuna kengele. Chuo Kikuu cha Ushirika, hapo hapo Moshi, nacho kina masomo ya ngazi hiyo, lakini ni ya ushirika, biashara na maendeleo ya jamii, kwa hiyo kitakufaa kama umeamua kubadili njia kabisa.

Suala la fedha ulilitaja mwishoni kwa haya. Mikopo ya Bodi imelenga kwa sehemu kubwa shahada ya kwanza, na kama ulisoma kwa mkopo huo bila shaka unaiona asilimia 15 ya mshahara wa msingi ikikatwa kila mwezi. Piga hesabu ya ada ya miaka miwili juu ya mshahara uliokwishakatwa, si juu ya ule ulioandikwa kwenye barua ya ajira.

*Ninafanya kazi katika maabara ya maji Arusha. Nina shahada ya kwanza ya sayansi yenye GPA ya 3.8. Je, nisome shahada ya pili Mlimani au Tengeru? Na kuna tofauti gani kati ya kusoma kwa kozi na kusoma kwa utafiti?*

Ndugu yangu wa maabara, wewe ndiye mwenye bahati katika barua za leo, kwa kuwa milango yote miwili iko wazi na mmoja wapo unaufikia kwa daladala. Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011, na iliundwa mahususi kwa uzamili na uzamivu wa sayansi, uhandisi na teknolojia. Mlimani ni chuo kipana, chenye shahada za kwanza, maktaba kubwa iliyofunguliwa mwaka 2018, na idara nyingi ambazo unaweza kuazima mawazo kutoka kwao.

Mimi katika ngazi hii sitazami ukubwa wa chuo. Ninatazama tatizo ambalo mtu anataka kulifanyia kazi na nani atamsimamia. Wewe unapima maji ya Arusha, na bila shaka umeshaona vipimo vya floraidi vikipita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na umeona meno ya kahawia ya watoto wa vijiji vya miteremko ya Meru. Hilo ni swali la utafiti linalokusubiri kwenye chupa za sampuli. Ilikuwa katika taasisi hiyo ya Tengeru ambapo Dakta Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji lililompatia mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi, inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Kama ni maji, basi, sioni sababu ya wewe kuvuka Chalinze, labda Mlimani awepo msimamizi ambaye maandiko yake umeyasoma na kuyapenda.

Tofauti ya kozi na utafiti ni hii. Anayesoma kwa kozi na tasnifu hukaa darasani kwa mihula kadhaa, hufanya mitihani, kisha huandika tasnifu fupi kiasi. Njia hii inamfaa anayetaka kupandisha maarifa ya kazi au kubadili fani kidogo. Anayesoma kwa utafiti huingia akiwa tayari na wazo, huandika pendekezo, na muda wake karibu wote huishia maabara, uwandani na mezani kwa msimamizi. Njia ya pili hujenga ngazi nzuri ya uzamivu, lakini pia ndiyo inayoacha watu wengi njiani, kwa kuwa hakuna ratiba ya kukusukuma, na msimamizi akisafiri nawe unasimama. Kabla ya kujaza fomu yoyote, andika kurasa mbili: tatizo, walichosema wengine, utakachokipima na vifaa utakavyovitumia. Watumie wasimamizi wawili au watatu. Atakayekujibu kwa maswali magumu ndiye wa kumfuata. Atakayekuandikia "wazo zuri, karibu" mshukuru uendelee kutafuta.

*Mimi ni Mtanzania wa Holili, lakini nilisoma sekondari ng'ambo ya mpaka, Taveta, na nina cheti cha KCSE, yaani cha kumaliza kidato cha nne cha Kenya. Naweza kuomba shahada ya kwanza huku?*

Usijilinganishe mwenyewe, wala usimruhusu mtu wa mtandaoni akulinganishe. Matokeo ya sekondari ya nje hupewa ulinganifu na Baraza la Mitihani, NECTA, na shahada za nje hulinganishwa na TCU. Peleka maombi yako ukiwa na cheti halisi na hati ya matokeo, usubiri barua ya ulinganifu itakayosema cheti chako kinasimama ngazi gani hapa nchini, na kama itakuweka chini ya kidato cha sita, omba nafasi ya stashahada katika fani unayoitaka, kwa kuwa mwenye stashahada yenye GPA ya 3.0 naye ana mwongozo wake wa udahili pale TCU.